Tunapimaje ukame kijijini wakati ziwa tunaliona kwa macho? Naombeni msaada, nipo Magu

Kando_ya_Simiyu

Wakuu habari za jioni na poleni na mihangaiko. Mimi mkulima tu wa huku Magu, kando ya Ziwa Victoria, mwezi uliopita kwenye mkutano wa kijiji wakanichagua katibu wa kamati ya maafa na kazi ya kwanza nimepewa niandike tathmini ya hatari ya ukame ipelekwe kata. Fomu niliyopewa ina kurasa mbili, inauliza ekari ngapi zimekauka, mifugo mingapi imekufa, kaya ngapi hazina chakula. Nikiiangalia naona hiyo ni kuhesabu hasara ikishatokea, mimi nataka tujue kabla.

Shida yangu ni hii. Kijiji chetu kina vitongoji vitatu na havifanani kabisa, kuna cha ufukweni wanavua na kulima bustani, kuna cha katikati ardhi ya luseni, mchanga mtupu, mahindi na mihogo, alafu kuna cha chini kule mbugani udongo mweusi, majaruba ya mpunga na dengu. Mwaka juzi ukimuuliza mtu yeyote atakwambia mvua ilinyesha, na kweli ilinyesha, lakini mahindi ya luseni yalivyoanza kutoa mbelewele, yale maua ya juu, ikakata wiki mbili na siku kadhaa. Nilikuwa napita kwenye shamba la mama mmoja jirani, saa tatu asubuhi majani yameshajikunja kama mtu kayasokota kwa vidole, na siku za mwisho ata usiku yalikuwa hayafunguki. Mvua iliporudi ilikuta ndevu za mahindi zimekauka. Alivuna debe mbili kwenye ekari moja na nusu, na ana wajukuu wanne. Kwenye taarifa ya mwaka ule kijiji chetu kiliandikwa hakina ukame.

Nikisema ukame kwenye kikao naambiwa ukame gani na ziwa lile pale. Sasa naombeni mnisaidie, nitajuaje huu ni ukame na sio jua la kawaida, takwimu natoa wapi maana hapa kijijini hakuna kituo cha hali ya hewa, na nikishajua tunafanya nini? Msinipe maneno ya semina, nipeni kitu ambacho kesho nakifanya.

Takwimu_Kiloleli

Mkuu hongera kwa kuteuliwa, na hiyo habari ya mbelewele uliyoandika usiitoe kwenye tathmini yako, iweke ukurasa wa kwanza, maana ndo inaonyesha wapi wengi wanakosea.

Ukame hauko mmoja. Kuna ule wa mvua yenyewe kuwa pungufu. Kuna wa kilimo, mvua jumla iko sawa lakini udongo umekauka siku ambazo mmea unahitaji maji, huo ndo ulimpiga huyo mama. Alafu kuna wa maji, mito na malambo kushuka, huo unachelewa kuja na unachelewa kuondoka. Mahindi ukiyanyima maji kwenye wiki mbili tatu za mbelewele na ndevu umeyaua ata kama jumla ya msimu ni milimita 700. Kwa hiyo fomu inayouliza jumla ya mvua tu itakuongopea, na haikuongopei kwa nia mbaya, ni kwamba imeuliza swali dogo.

Takwimu zipo. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wana rekodi za vituo vyao na wanatoa utabiri wa Vuli na wa Masika kabla ya kila msimu, wilayani upo. Kwa ajili ya kijiji chako kuna CHIRPS, ni makadirio ya mvua yanayochanganya satelaiti na vituo vya ardhini, yanaanzia 1981 mpaka leo, kila siku, kwa miraba ya karibu kilomita 5 kwa 5, bure kabisa. Nipe jina la kijiji inbox ntakutolea faili lote la miaka yote ulifungue kwenye simu.

Lakini nakuonya kitu, sisi wa ziwani tuwe makini sana na hiyo miraba. Mraba mmoja unaweza kuwa nusu maji nusu nchi kavu, na mvua ya juu ya ziwa sio mvua ya shambani kwako. Usiku ziwa lina joto kuliko nchi kavu, radi zinajikusanya kule katikati, na pepo za huku zinasukuma unyevu kwenda magharibi, ndo maana Bukoba wanapata karibu milimita 2000 kwa mwaka na Mwanza ni kama 1000 tu, na kadri unavyokuja upande wenu wa mashariki ndo inazidi kupungua. Ziwa ni moja ila mvua sio moja. Chagua mraba wa upande wa luseni na wa mbugani, ule wa ufukweni uache.

Ukishapata namba, kipimo kinachotumika dunia nzima kinaitwa SPI, kilitungwa Marekani mwaka 1993 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani linakipendekeza. Kazi yake nyepesi kuielewa, kinachukua mvua ya miezi mitatu, tuseme Oktoba mpaka Desemba, kinalinganisha na miezi hiyohiyo ya miaka 30 au zaidi iliyopita hapohapo kwenu, kinakupa namba moja. Sifuri ni kawaida. Ikishuka kufika hasi 1 ni ukame wa kiasi, hali hiyo au mbaya zaidi inatokea kama mwaka mmoja kati ya sita, hasi 1.5 ni mkali, hasi 2 ni mkali kupita kiasi. Ya miezi 3 angalia kwa mazao, ya miezi 12 angalia kwa lambo na visima. Pembeni yake weka safu nyingine uliyoitunga mwenyewe, idadi ya siku zilizopita mfululizo bila mvua ya maana tangu mahindi yatoke. Hiyo safu ya pili kwa kijiji chako ntaiamini kuliko SPI.

Mama_Michembe

Mwanangu pole na kazi, huyo kaka wa takwimu kasema vizuri ila mimi naishi Kwimba na nimeona njaa mara nyingi kuliko alivyoona hizo namba. Satelaiti haioni ndani ya nyumba. Hatari ya ukame sio mvua peke yake, ni mvua na nani imemkuta. Kwenye kitongoji kimoja mvua ikikata siku ishirini kuna nyumba haitikisiki kwa sababu mtoto wao anaendesha bodaboda Mwanza na wana ng'ombe kumi, na nyumba ya tatu kutoka hapo mama mjane anaanza kupunguza mlo wiki ileile. Wewe zunguka kila nyumba na daftari. Andika ana shamba la aina gani, analima nini zaidi ya mahindi, ana mifugo, kuna mtu analeta hela kutoka nje, maji anachota wapi na anatembea muda gani, kuna mgonjwa, kuna mtoto chini ya miaka mitano. Hiyo orodha ndo tathmini yako.

Alafu kuna kipimo kimoja sisi wanawake wa gulioni tunakitumia tangu zamani na hakihitaji bando. Kila gulio uliza mbuzi mmoja wa kawaida anauzwa bei gani na debe la mahindi bei gani, gawanya, upate mbuzi mmoja ni debe ngapi. Mwaka mzuri mbuzi anakupa debe za kutosha unapumua. Ukame ukianza kunusa, watu wanaanza kutoa mbuzi kununua mahindi, mbuzi wanajaa bei inashuka, mahindi yanapungua bei inapanda, zile debe zinapungua kwa pande zote mbili kwa pamoja. Ukiona zimeshuka magulio matatu mfululizo, na bado nyasi ni kijani, jua kuna watu wameshaona jambo ambalo wewe hujaliona. Andika tarehe na bei, kila wiki, usiruke.

Na cha tatu angalia viazi. Mama ambaye mwezi wa saba hajaanika michembe wala matobolwa, yaani viazi vya kukausha vya akiba, mwezi wa kumi na mbili atakuwa mlangoni kwako. Mimi nikipita kwenye nyumba naangalia juu ya mwamba na juu ya bati kwanza, kama kumetandazwa viazi nafurahi, kama hakuna nauliza mbegu ya viazi iliishia wapi, maana mara nyingi marando yalikauka kiangazi na hana pa kutoa mengine. Hapo kitongoji cha ufukweni kingekuwa kinatunza kitalu cha marando ya viazi kwa ajili ya wenzao wa luseni, kitalu kidogo tu cha kumwagilia kwa ndoo kinatosha watu wengi, na hakuna hela inayotumika.

Nyavu_Nansio

Jamani mi niwe mkweli, naona mnazunguka sana. Mtu yuko Magu, ziwa liko pale, kwanini wasinunue pampu wakamwagilia wakaachana na habari za kuomba mvua? Huku Ukerewe watu wanamwagilia nyanya na kabichi mwaka mzima. Ziwa haliishi.

Takwimu_Kiloleli

@Nyavu_Nansio wazo la umwagiliaji ni zuri na kwa bustani linalipa, lakini piga hesabu. Milimita 10 za mvua kwenye ekari moja ni lita kama elfu arobaini. Mahindi wakati wa kutoa mbelewele yanataka zaidi ya hizo kwa wiki. Ufukweni sawa, ila luseni yao ikiwa kilomita 3 kutoka majini na mwinuko juu, mafuta ya kusukuma hizo lita yanamaliza bei ya mahindi. Kingine sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, huwezi kufanya shughuli ya kudumu pale, na kuvuta maji kwa mashine kunahitaji kibali, unaomba ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria hapa Mwanza. Kikundi kikiomba pamoja kuliko kila mtu na pampu yake ni bora zaidi.

Na kusema ziwa haliishi, haliishi kweli lakini linaondoka. Waliokuwepo 2006 wanakumbuka, ukame wa 2005 mpaka 2006 ulikutana na mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda, kuruhusu maji mengi kuliko makubaliano, ziwa likashuka kufika chini kabisa kwa miongo mingi, mitumbwi ikakaa kwenye matope. Alafu 2020 likapanda mpaka kuvunja rekodi ya 1964 na likaingia kwenye nyumba za watu. Hili ziwa ni pana sana ila lina kina kidogo, sehemu ya kina zaidi ni kama mita 80 tu, na maji yake mengi, zaidi ya robo tatu, yanatoka moja kwa moja kwenye mvua inayolinyeshea. Mvua ikikosa na lenyewe linakosa.

Nyavu_Nansio

Hiyo ya 2006 naikubali, mzee wangu alihamisha mwalo mara mbili. Sikufikiria ya mwinuko. Basi waanze na bustani.

Ngitili_Hai

Wakuu mmeongea yote mmesahau ng'ombe, na huku kwetu Usukumani ukame unaua akiba kabla ya kuua chakula. Mimi mfugaji, nilipoteza ng'ombe saba msimu mmoja na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kiu, walikufa kwa njaa na mimi nilikuwa na muda wa kuwauza nikakataa. Ilikuwa mwezi wa nane, mnunuzi alinipa bei nikaona ananidharau. Mwezi wa kumi nikamtafuta mwenyewe akanipa chini ya nusu yake, na dume moja nilimnyanyua mimi na mdogo wangu kwa kumshika mkia na pembe kila asubuhi siku nne, siku ya tano hakunyanyuka.

Kwa hiyo katibu andika hesabu hii kwenye ubao wa kijiji. Ng'ombe wa kilo 250 anakula majani makavu kama kilo 6 kwa siku. Siku 100 za kiangazi ni kilo 600 kwa ng'ombe mmoja. Kila mfugaji mwezi wa sita ahesabu ana ng'ombe wangapi na ana majani kiasi gani, ngitili yake, yaani nyasi alizofungia, mabua ya mahindi, majani ya mpunga kule majarubani ambayo watu wanayachoma kila mwaka na yananiuma sana kuyaona yanaungua. Ukikuta majani yanatosha ng'ombe wanane na una kumi na mbili, wanne wauzwe mwezi huo wa sita wakiwa na mafuta. Najua kumwambia Msukuma auze ng'ombe ni mgogoro, ila muulize anataka kubaki na wanane wazima au wanne wagonjwa.

Ngitili nazo zirudisheni. Kufungia nyasi tangu mvua zinaisha mpaka kiangazi kikali tuliachiwa na babu zetu, ikafika mahali tukaziacha, ni mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986 ndo uliwarudisha watu kwenye njia ya wenyewe na miti ikaota tena kwenye hekta laki kadhaa. Haikuletwa mbegu ya ajabu, sehemu kubwa ilikuwa kufungia tu na kuheshimiana. Kijiji kikiwa na sheria ndogo na faini inayolipwa kweli, inawezekana.

Na lambo msilitegemee kwa macho. Jua la huku linakula kama milimita 5 kwa siku, siku 100 ni nusu mita imeenda hewani kabla ng'ombe hajanywa. Lambo lenye mita moja na nusu mwezi wa sita, theluthi yake sio yako. Chomekeni mti wenye alama za rangi katikati, mtoto yeyote ataweza kusoma.

Kando_ya_Simiyu

Wabeja sana wote, nimesoma mara mbili na nimenakili kwenye daftari. Mama_Michembe ile ya mbuzi kwa debe jana nimeanza nayo gulioni. Nimejaribu kuandika hivi, nikosoeni. Nimeweka kila alama na kitu kinachofanyika, ili siku ikifika tusianze kubishana kwenye kikao. Ikifika tarehe 20 Novemba hatujapata mvua ya kupandia, watu wa luseni wanaacha mahindi ya muda mrefu wanapanda mtama au mahindi ya siku 90, na mbegu kikundi kinakuwa kimeshanunua tangu Septemba. Siku 10 mfululizo bila mvua mahindi yakiwa shambani, tunaita kikao na tunapita nyumba zilizo kwenye orodha ya mama. Mbuzi akishuka magulio matatu, tunaandika barua wilayani hapohapo bila kusubiri fomu. Lambo likifika alama nyekundu, ng'ombe wanahamia mto na bustani zinaacha kuchota.

Swali langu lingine, TMA wakisema msimu utakuwa wa wastani hadi chini ya wastani mimi niwaambie watu nini? Mwaka mmoja tuliwaambia mvua haba wakapanda mtama ikanyesha mpaka mpunga ukazama, sasa hawatuamini. Na kuna watu walipita wakiuza bima ya mazao, ni kitu cha kweli?

Takwimu_Kiloleli

Mpango wako ni mzuri, na uzuri wake ni kwamba maamuzi yamefanyika kabla ya hofu kuingia. Rekebisha hiyo ya kupandia, useme mvua ya kupandia ni kiasi gani, wengi wanatumia milimita 20 ndani ya siku mbili au tatu, maana kuna watu watapandia rasharasha ya milimita 6 na mbegu itaoza au itachipua ife. Na mtu akichimba kwa jembe, unyevu ufike chini ya kiganja kizima, sio juu tu.

Utabiri uwaeleze hivi. Bila kujua chochote, miaka mitatu kwa kawaida mmoja una mvua nyingi, mmoja wastani, mmoja pungufu. Utabiri unabadilisha uzito wa hayo matatu, hausemi litatokea lipi. Wakiambiwa chini ya wastani bado kuna nafasi ya kunyesha sana. Kwa hiyo usimwambie mtu aache mpunga wote, mwambie ekari tatu za mwaka huu mbili ziwe za kuvumilia jua na moja ya kubahatisha, na mwaka wa utabiri mzuri ageuze. Mkisikia La Niña, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki kupoa kuliko kawaida, kwenye utabiri wa Vuli zingatieni zaidi, huku Afrika Mashariki mara nyingi inapunguza mvua za Vuli, miaka ya 2020 hadi 2022 majirani zetu Somalia, Ethiopia na kaskazini mwa Kenya walikosa misimu mitano mfululizo.

Bima ya faharisi ni ya kweli ila uielewe kabla ya kuchanga. Hailipi kwa sababu shamba lako limekauka, inalipa kipimo cha satelaiti cha eneo lenu kikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Shamba la yule mama lingeweza kukauka na asilipwe, kwa sababu jumla ilikuwa nzuri. Waulize maswali mawili tu, mraba wenu ni upi na una ziwa ndani yake, na je mkataba unahesabu siku za ukavu wakati wa mbelewele au unahesabu jumla ya msimu. Wakishindwa kujibu msilipe.

Dengu_Mbuga

Naongeza moja fupi. Watu wa mbugani wasidharauliwe kwenye tathmini, ule udongo mweusi unashika maji muda mrefu, mpunga ukifeli wapande dengu mwezi wa nne au wa tano, zinakua kwa unyevu uliobaki bila mvua. Wekeni mbegu ya dengu akiba. Na TARI Ukiriguru, wale watafiti wa kilimo pale Misungwi, sio mbali na nyie, mihogo na viazi ndo kazi zao, nendeni na barua ya kijiji.

Mama_Michembe

Mwanangu kipimo cha mvua usisubiri mtu akuletee. Chukua kopo lililonyooka juu na chini sawasawa, liweke wazi mbali na mti na nyumba, kila siku saa tatu asubuhi chomeka rula, andika, mwaga. Vitongoji vitatu makopo matatu. Na mpe mtoto wa shule aandike, atakuwa mwaminifu kuliko sisi.

Kando_ya_Simiyu

Nimefanya mama. Makopo matatu yamewekwa Jumamosi, la luseni liko kwenye kiwanja cha yule jirani yangu na mjukuu wake wa darasa la tano ndo anaandika. Usiku wa kuamkia leo imepiga radi sana upande wa ziwa, wote tukasema imenyesha. Saa tatu nimepita kusoma madaftari. Ufukweni milimita 23. Luseni 4. Mbugani kopo kavu, kuna mchwa ndani.